Binti yetu anazungumza kwa alama kuliko kwa mdomo. Je, tupunguze alama nyumbani?

MamaSalha (Tanga)

Ndugu zangu, salaam.

Naomba ushauri wa wazazi na wa wataalamu kuhusu binti yetu mwenye umri wa mwaka mmoja na miezi mitano. Baba yake ni kiziwi tangu alipougua homa ya uti wa mgongo akiwa mdogo, mimi ninasikia. Mume wangu ni fundi seremala na lugha yake ni Lugha ya Alama ya Tanzania, ambayo aliipata shuleni, na mimi nilijifunza kwake tangu wakati wa uchumba, hata leo hatuhitaji mtu wa kutufasiria. Tunaishi pamoja na mama mkwe wangu na wifi yangu anayesoma sekondari, na hao wawili huzungumza Kiswahili kama watu wengine wote.

Mtoto alianza kutoa alama kabla ya kutamka neno lolote lenye maana. Ya kwanza ilikuwa alama ya kula. Sisi huikusanya ncha za vidole na kuipeleka mdomoni, lakini yeye hufunga ngumi nzima na kuigonga kwenye kidevu, tena kwa kurudia mara nyingi na bega zima likitikisika. Zikafuata za kulala, ndege, taa, baba na nyingine zaidi ya kumi. Kwa mdomo ana maneno machache: «mama», «baba», «mai» akitaka maji, «nyau» akimwona paka, na «tata» kwa taa. Akitaka taa iwashwe husema «tata» na papo hapo huinua mkono juu ya kichwa akifumbua vidole.

Mama mkwe ana wasiwasi kwamba mikono inamfanya mtoto awe mvivu wa ulimi, na angependa tumzoeze mdomo kwanza, alama zije baadaye atakapokuwa anasema vizuri. Muuguzi mmoja wa kliniki naye alinieleza jambo hilohilo. Mume wangu hakubishana nao, ila tangu siku hiyo namwona akimbeba mtoto mikono yake ikiwa kimya, na jambo hilo linaniumiza. Je, ni kweli kwamba alama huchelewesha usemi? Na kama si kweli, nifanye nini ili lugha zote mbili zikue, na pasiwepo anayehisi amenyang'anywa mtoto?

BiMkubwa_Pangani

Mwanangu, nakuombea subira. Mimi si daktari, lakini nimelea watoto na wajukuu, na sitaki mama mkwe wako aonekane mtu mbaya katika jambo hili. Anaogopa kwa sababu ameshamlea mtoto mmoja aliyepoteza usikivu, na anajua namna watu wa nje walivyomtazama mwanawe. Katika mtaa wetu palikuwa na mtoto anayesikia ambaye wazazi wake wote wawili walikuwa viziwi. Alikaa muda mrefu bila kusema, na alipoanza kusema maneno yake yalikuwa hayaeleweki, mpaka watoto wenzake wakawa wanamcheka. Kwa hiyo sisemi alama ziachwe, ila nashauri mtoto apate mdomo wa kutosha kwanza, hasa kutoka kwako na kwa bibi yake.

Msikivu_KLM (mtaalamu wa usikivu)

Dada, shikamoo yangu kwanza kwa Bi Mkubwa, kwa sababu amegusa jambo la msingi ambalo nitalirudia hapo chini. Nikujibu swali lako moja kwa moja: alama hazicheleweshi usemi wa mtoto anayesikia.

Mtoto mchanga hajali kama lugha inaingia kwa sikio au kwa jicho, anachotafuta ni mpangilio unaojirudia. Mwaka 1991 watafiti Laura Ann Petitto na Paula Marentette walichapisha utafiti kuhusu watoto waliokulia katika nyumba za lugha ya alama, wakaonyesha kwamba watoto hao hubwabwaja kwa mikono. Yaani, pale ambapo mtoto mwingine anasema ba-ba-ba na da-da-da bila maana, hawa hurudia maumbo ya vidole yaliyo sehemu ya lugha ya alama, nayo pia hayana maana bado. Miaka kumi baadaye Petitto na wenzake walilinganisha watoto wa eneo la Montreal, Kanada, waliokuwa wakijifunza Kifaransa pamoja na lugha ya alama ya Québec, na wengine waliokuwa wakijifunza Kifaransa na Kiingereza. Makundi yote mawili yalifikia neno la kwanza, maneno hamsini ya mwanzo na maneno mawili ya kuunganisha katika umri uleule wa kawaida. Binti yako ni mtoto wa lugha mbili, sawa na mtoto wa Lushoto anayekua na Kisambaa cha bibi na Kiswahili cha mtaani, tofauti ikiwa tu kwamba lugha yake moja iko mikononi.

Kwa sababu hiyo, msimhesabie maneno ya mdomo peke yake. Chukueni daftari, andikeni kila anachokisema kwa maana ile ile mara kwa mara, kwa mkono au kwa mdomo. Mtoto mwenye alama zaidi ya kumi na maneno matano hajachelewa hata kidogo kwa umri huo. Tena huo mtindo wake wa kusema «tata» huku mkono ukifumbuliwa juu ya kichwa ni wa kawaida kabisa kwa watu wenye lugha ya mdomo na ya alama, hata wakiwa watu wazima, kwa kuwa mdomo na mikono havigombanii nafasi. Hivi karibuni mtamwona akisema neno moja kwa mdomo na jingine kwa mkono, kwa mfano alama ya baba pamoja na neno «njoo». Hiyo ni sentensi, iandikeni.

Kuhusu ile ngumi ya kula, nimefurahi sana kuisoma, kwa sababu umeeleza kwa usahihi namna watoto wanavyokosea. Vidole vya mtoto bado havijaweza kazi ndogondogo, hivyo huanza na maumbo mepesi kama ngumi, kiganja kilichofunguliwa na kidole cha shahada, na mwendo ambao mtu mzima anaufanya kwa kifundo cha mkono yeye huufanya kwa kiwiko au bega. Mahali pa alama hupapata mapema zaidi: ngumi yake si sahihi, lakini imefika karibu kabisa na mdomo. Ndivyo ilivyo pia kwa «mai», ambayo imeacha sauti ngumu na kubakiza irabu zote mbili mahali pake. Katika Kiswahili mkazo uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo mara nyingi mtasikia amebakiza mwisho wa neno na kuacha mwanzo. Msimsahihishe kwa kumkatiza. Akigonga kidevu kwa ngumi, mjibuni kwa alama iliyo kamili na chakula kiletwe.

Sasa nirudi kwa Bi Mkubwa. Mtoto wa mtaani kwake hakuchelewa kwa sababu ya alama, ila huenda alikosa watu wa kuzungumza naye kwa mdomo. Kuna kisa cha Marekani kilichochapishwa mwaka 1981 kuhusu mtoto aliyeitwa Jim katika maandishi ya watafiti. Alikuwa anasikia, wazazi wake walikuwa viziwi na hawakutumia alama naye, na Kiingereza alikipata zaidi kwenye televisheni. Alipokaribia miaka minne, alikuwa na maneno lakini akiyapanga kwa namna isiyo ya kawaida. Alipoanza kuzungumza na mtu mzima katika vipindi vya mara kwa mara, usemi wake ulinyooka. Televisheni haimjibu mtoto, wala haingoji zamu yake. Nyumbani kwako kuna watu wazima wawili na msichana mmoja wanaozungumza kutwa, kwa hiyo hatari hiyo haipo, ilimradi wanazungumza *naye* na si kumpitia juu ya kichwa.

Jambo la mwisho ni masikio. Uziwi uliotokana na homa ya uti wa mgongo haurithiwi, lakini kila mtoto anayetiliwa shaka katika usemi anastahili kupimwa, kwa sababu upungufu mdogo wa usikivu hauonekani kwa kupiga makofi nyuma ya mgongo wake. Kuna kipimo ambacho kifaa laini chenye spika ndogo huwekwa mlangoni mwa sikio, hutoa sauti, kisha hupokea mwangwi hafifu unaorudi kutoka sikio la ndani. Mtoto anaweza kupimwa akiwa amelala. Ulizeni hospitali ya rufaa ya mkoa, na kisipopatikana hapo mwombe rufaa kwenda KCMC Moshi au Muhimbili. Na wazazi wengine wanaosoma hapa wazingatie: mtoto wa mwaka mmoja asiyebwabwaja wala kunyoosha kidole, wa miezi kumi na sita asiye na neno wala alama yoyote, wa miaka miwili asiyeunganisha mawili, au wa umri wowote anayepoteza maneno aliyokuwa nayo, apelekwe bila kungoja.

FundiCherehani_Dodoma

Mimi ni kiziwi wa kuzaliwa, na nimesoma swali hili mpaka nikaacha kazi iliyokuwa mezani.

Nilizaliwa katika nyumba ya watu wanaosikia, kama ilivyo kwa viziwi wengi sana. Wazazi wangu walinipenda, lakini tulikuwa na ishara chache tu za nyumbani: njoo, kula, nenda kachote maji, acha. Nilipopelekwa shule nilikuwa na umri wa miaka tisa, na huko ndiko nilikojua kwamba nina jina, na kwamba jana na kesho vinaweza kuzungumzwa. Ndiyo maana nasema kwa uchungu: mikono ya baba huyo isinyamazishwe. Kumwambia asitumie alama mbele ya mwanawe ni kumwambia asiseme naye. Mwanamume anayesikia hawezi kuambiwa akae kimya mpaka binti yake akue, na hakuna atakayeona kuwa ni ushauri wa hekima.

Mama mkwe asilaumiwe, maana maneno hayo yametoka mbali. Mwaka 1880 walimu wa viziwi walikutana Milan, Italia, wakapitisha kwamba ufundishaji wa kutumia mdomo ndio bora na alama ziondolewe madarasani, na uamuzi huo ukatembea katika shule za nchi nyingi kwa muda wa miaka mia moja. Watoto walikalishwa juu ya mikono yao. Mwaka 2010 mkutano wa kimataifa wa elimu ya viziwi uliofanyika Vancouver, Kanada, uliyakataa rasmi maazimio yale na kuonyesha majuto kwa madhara yake. Muuguzi wa kliniki anapokuambia mikono hulegeza ulimi, anarudia maneno ya Milan bila kujua.

Kwa matendo ya kila siku, mwambie ndugu yangu fundi mambo haya, ingawa naamini mengi anayafanya tayari. Mtoto akiwa anachezea kitu, asihangaike kumgeuza uso; alama aiweke pale macho yalipo, hata juu ya mwili wa mtoto mwenyewe, alama ya kula akaifanya kwenye kinywa cha mtoto badala ya chake. Alama iwe kubwa, ya polepole, na irudiwe. Akimsomea kitabu cha picha amweke mbele yake au pembeni, si mapajani mgongo ukiwa kifuani, kwa kuwa hapo uso wa baba haupo, na uso ni nusu ya lugha yetu. Nyusi zikipanda ni swali, zikikunjwa ni jambo jingine. Mtoto naye afundishwe mapema kumgusa baba begani au kugonga sakafu kabla ya kuanza kusema, kwa sababu ataanza kuzungumza nyuma ya mgongo wake na kushangaa kwa nini hajibiwi. Watoto hulielewa hili haraka. Nimewaona wa miaka miwili wakimgeukia bibi kwa sauti na kumgeukia baba kwa mikono, ndani ya mchezo mmoja.

Neno moja la kuangalia mbele: atakapokuwa mjuzi wa lugha zote mbili, asifanywe mkalimani wa baba yake hospitalini, benki wala kwenye vikao vya watu wazima. Hiyo ni kazi ya mtu mzima aliyefunzwa.

MamaSalha (Tanga)

Nimesoma yote, na mume wangu amesoma pamoja nami hadi mwisho. Nawashukuru mno, na wewe Bi Mkubwa umenisaidia kuuona uchungu wa mama mkwe ambao sikuwa nikiufikiria ipasavyo.

Nina mambo mawili ya kuongeza. Mtaalamu, umetaja masikio: sikio la kulia la mtoto limewahi kutoa usaha zaidi ya mara moja msimu wa mvua, na kila mara tulipewa dawa likakauka. Je, hilo lina uzito wowote? La pili, wifi yangu amepata mtandaoni video za alama za watoto, nyingi za Marekani na nyingine za Kenya, na anamfundisha mtoto kwa nia njema kabisa. Ila baadhi ya alama hizo mume wangu hazijui. Halafu mama mkwe ana ishara zake alizokuwa akizungumza na mwanawe kabla hajaenda shule, na hadi leo wanazitumia wao wawili. Sijui zipi zibaki.

Msikivu_KLM (mtaalamu wa usikivu)

Lina uzito, dada. Sikio linalotoa usaha mara kwa mara linaweza kubakiwa na majimaji nyuma ya ngoma hata baada ya kukauka kwa nje, na usikivu ukawa unapungua na kurudi. Mtoto wa namna hiyo husikia irabu lakini sauti nyembamba kama *s* na *f* zikampotea, na hapo alama zinamfaa zaidi, kwa sababu haziathiriwi na sikio. Mwone daktari wa masikio, pua na koo kabla ya mvua zijazo. Msitie mafuta, maji ya kitunguu wala maziwa ya mama ndani ya sikio, na wakati wa kuoga liwe kavu.

Mwalimu_Likoni (Mombasa)

Ninafundisha upande huu wa mpaka, kwa hiyo nijibu la video. Lugha ya Alama ya Kenya ni lugha kamili ambayo Katiba yetu ya 2010 imeitaja katika Ibara ya 7, na Ibara ya 120 imeifanya kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Lakini ni ya viziwi wa Kenya, na si lugha ya baba wa mtoto huyu. Zile za Marekani ziko mbali zaidi, na nyingi zimetengenezewa wazazi wanaosikia ambao wanataka alama chache za chakula na usingizi mpaka mtoto aanze kusema, kisha waziache. Ninyi hamtafuti alama za kupita. Wifi akae na kaka yake jioni, amwombe alama kumi za vitu vilivyomo humo ndani, sufuria, kijiko, mlango, jogoo, kisha amfundishe mtoto hizo. Kaka naye atapata mtu mwingine wa kuzungumza naye katika nyumba yake mwenyewe.

FundiCherehani_Dodoma

Namuunga mkono mwalimu. Niongeze kwamba hata hapa Tanzania msishangae mkikuta tofauti. Shule ya Tabora ilifunguliwa mwaka 1963, ya Buguruni 1974, zikafuata za Mwanga na kwingineko, na kila shule ilikuza alama zake kabla hatujaanza kukutana sana. Mtu wa Tabora na mtu wa Buguruni wanaelewana, lakini wanaweza kuwa na alama mbili kwa kitu kimoja. Shikeni za baba kwanza, kwa sababu ndizo anazoziota usingizini. Nyingine mtoto atazikuta kwa viziwi wenzake, kwa hiyo mpelekeni mahali wanapokutana. Ulizeni viongozi wa CHAVITA, yaani Chama cha Viziwi Tanzania, wa mkoa wenu mahali na siku. Lugha haikui kwa kuona mikono ya mtu mmoja tu.

Ishara za bibi zibaki, zote. Ni lugha aliyoitunga yeye na mwanawe wakati hapakuwa na shule wala mwalimu wa kumsaidia, na mjukuu ana haki ya kuijua. Mtoto hatachanganyikiwa, atajua tu kwamba hii ni ya bibi. Na kwa kuwa bibi ndiye anayetaka mdomo ukue, apewe kazi hiyo kwa heshima: amtajie mtoto kila anachomenya na kukiosha, amngoje ajibu hata kama jibu ni «mai», na jioni ampigie paukwa mpaka ajifunze kuitikia pakawa. Baba akiwa pale pale, mikono yake ikifanya kazi.

BiMkubwa_Pangani

Mwambie mama mkwe wako nimemsalimu. Kwenye sikio la mtoto mimi pia nilikuwa mtu wa kutia mafuta ya nazi, nami nimemsikia mtaalamu. Mpelekeni hospitali wiki hii, mvua za vuli ziko karibu.